Mabinti wanaacha mazoezi mmoja mmoja, na wawili wanauguza magoti

Ndugu washauri, salaam.

Mimi ni mzazi, naishi Muheza, mkoani Tanga. Mwezi wa pili mwaka huu walimu wa shule anayosoma binti yangu waliniomba nifundishe timu ya mpira ya wasichana kwa kujitolea, maana wanajua niliwahi kucheza mchangani. Nikakubali. Tulianza na wasichana 18 wa miaka 10 hadi 14. Leo wamebaki 11.

Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi saa 10:30 jioni, uwanja wa shule. Nina mipira miwili namba 5, mmoja unavuja. Tunaanza kwa kuzunguka uwanja mara sita, tunanyoosha misuli, halafu wanapanga mstari wapige golini mmoja mmoja, mwisho wanagawanyika timu mbili na kucheza uwanja mzima. Ndivyo tulivyofundishwa sisi. Lakini wengi wanasimama wakipiga soga, na mechi ikianza wote wanaufuata mpira kama nyuki. Bonanza la kwanza tulifungwa 7–0.

Linaloninyima usingizi zaidi ni magoti. Mmoja, miaka 13, aligeuka ghafla bila kuguswa na mtu, akasikia kitu kimelia "pwa" ndani ya goti, akaanguka. Jioni ile ile goti likavimba. Bibi yake alimkanda kwa maji ya moto na kumchua. Sasa ni wiki ya tatu, anatembea vizuri na anataka kurudi. Mwingine, miaka 12, ana kinundu kigumu chini ya goti, kinamuuma akiruka.

Walioacha hawaniambii kwa nini. Watatu ni wale wakubwa, 13 na 14, walipotea kimyakimya. Baba mmoja aliniambia bukta si vazi la binti yake. Mama mwingine aliniuliza mpira wa wasichana unaishia wapi. Kipa wetu ni binti mnene ambaye wenzake walimsukumia golini, naye siku hizi haonekani sana. Na mwanangu Zuhura amenuna: nikimpanga wanasema nampendelea, nisipompanga analia nyumbani.

Bonanza lijalo ni wiki sita kutoka sasa, saba kwa saba, dakika 20 kila kipindi. Nianzie wapi?

Baba Zuhura, Muheza

*

Baba Zuhura, pole na majukumu, na asante kwa kutueleza kila kitu bila kuficha.

Anzia kwenye goti la huyo wa miaka 13, kabla hujagusa mpira. Asirudi uwanjani. Amegeuka bila kuguswa, goti limelia, na uvimbe umekuja ndani ya saa chache: mambo hayo matatu yakikutana, mshukiwa wa kwanza ni kano ya mbele ya goti, ile inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele. Uvimbe wa siku hiyo hiyo mara nyingi ni damu iliyovujia ndani ya kiungo. Kwamba anatembea vizuri haituambii kitu, kwa sababu kutembea kwa kunyooka hakuihitaji sana kano hiyo. Inahitajika mtu anapogeuka, anapofunga breki na anapotua kutoka hewani. Akirudi kucheza na kano imekatika, goti litamlegea ghafla, na safari hiyo atachana pia gegedu zinazokaa katikati ya mifupa. Hapo tatizo linakuwa la maisha.

Kaa na wazazi wake, mumpeleke kwa daktari wa mifupa. Kwa mkoa wenu ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iliyoko Tanga mjini. Mwambieni daktari yale mambo matatu kwa mpangilio ule ule ulioandika hapa. Eksirei peke yake haitoshi, inaonyesha mifupa na si kano. Mwombeni alipime goti kwa mkono, akiwa na shaka atasema kama kipimo cha MRI kinahitajika. Kwa bibi yake nenda kwa heshima, maana alifanya alichokijua kwa mapenzi, lakini mweleze ili lisijirudie kwa mwingine: goti likiumia, siku mbili tatu za mwanzo hakuna maji ya moto wala kuchua, vyote huongeza kuvuja na uvimbe. Ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, bandeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe juu ya mto.

Huyo wa miaka 12 ni habari nyingine, na nyepesi. Kinundu kigumu chini kidogo ya goti, kwa mtoto anayerefuka, ni jambo la kawaida sana katika umri huo. Msuli wa paja unavuta mahali ambapo mfupa wake bado ni laini. Si lazima aache mpira. Mpunguzie kuruka, kukimbia kasi na kupiga mashuti kwa wiki kadhaa, aweke barafu baada ya mazoezi, na kipimo kiwe ni hatua zake: akianza kuchechemea, amekwisha kwa siku hiyo. Maumivu yakimwamsha usiku, au goti zima likivimba, naye aende hospitali.

Sasa ile foleni ya kupiga golini. Chukua wasichana 18 na mpira mmoja, kila shuti na kuokota mpira ni sekunde 20. Zamu ya kila mmoja inarudi baada ya dakika sita. Kwa nusu saa nzima, binti ameugusa mpira mara tano. Muda uliobaki amesimama juani. Hapigi soga kwa uvivu, hana kazi nyingine! Ile mizunguko sita nayo inakula nguvu akiwa bado mbichi, na haimfundishi kugeuka wala kusimama. Vifute vyote viwili kuanzia Jumanne.

Mahali pake weka chandimu. Kila binti wa Muheza anaijua, na kwa umri huu hakuna zoezi linaloishinda. Pima kwa hatua zako uwanja wa 25 kwa 20. Kwenye kila kona weka goli la matofali mawili, upana hatua mbili. Magoli ni manne: kila timu inashambulia mawili na kulinda mawili. Kwa wasichana 11, uwanja mmoja wachezee watatu kwa watatu, na wa pili wawili kwa wawili pamoja na mmoja huru anayeichezea timu yenye mpira. Raundi ni dakika nne, wanapumzika moja, wanabadilishana wapinzani.

Mchezo huu ndio dawa ya nyuki. Wakirundikana wote kulia, goli la kushoto linabaki tupu, na mwenye mpira akiinua macho analiona. Akifunga hapo mara mbili, wapinzani wake wanaanza kutawanyika bila kuambiwa. Wewe usipige kelele kutoka pembeni. Simamisha mchezo mara moja tu kwa raundi, kila mtu agande alipo, uliza swali moja, "Goli lipi liko wazi?", kisha waendelee. Kocha anayesema "panueni uwanja" dakika 40 anawafundisha kumsikiliza yeye, na siku ya mechi hawamsikii.

Mipira. Namba 5 ni ya miaka 13 na kuendelea: mzingo sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450. Kwa kundi lako lenye wa miaka 10 tumia namba 4, yenye gramu 350 hadi 390. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mtoto wa darasa la nne aliye peku, namba 5 iliyojaa upepo inauma, na anayeumizwa na mpira huanza kuugeuzia mgongo. Huo si woga wa tabia. Ukipata fedha kidogo, nunua namba 4 mbili kabla ya kufikiria jezi. Ule unaovuja uzamishe kwenye ndoo ya maji. Viputo vikitoka kwenye tundu la upepo, dondoshea tone la mafuta mepesi na ujaribu tena, na siku zote lowesha sindano ya pampu kabla ya kuichomeka, maana sindano kavu ndiyo inayochana mpira wake wa ndani. Vikitoka kwenye mshono, usiutupe: uchane kidogo, ujaze matambara, ushone kwa kamba ya katani, ambayo Tanga haikosekani. Haudundi, kwa hiyo unafaa sana kufundishia chenga na kutuliza. Na kanuni moja ya miguu: ama wote peku, ama wote viatu. Mwenye njumu asichanganywe na mwenye vidole wazi.

Dakika 75 zako zigawanye hivi. Anayefika saa 10:20 asisubiri wenzake, aanze chandimu na aliyepo, hata ikiwa mmoja kwa mmoja. Saa 10:30 kazi ya magoti, dakika 20. Kisha ufundi mmoja tu kwa siku, dakika 15, kila wawili na mpira wao, wa kweli au wa matambara: leo kutuliza kwa ndani ya mguu, Alhamisi kugeuka na mpira. Baada ya hapo magoli manne hadi saa 11:35. Dakika kumi za mwisho ni zao, danadana na kupigana tobo, wacheke. Saa 11:45 wanaondoka, jua likiwa bado juu.

Kazi ya magoti tunakuomba usiikate hata siku ambayo mmechelewa. Msichana akianza kubalehe, mifupa hurefuka haraka kuliko misuli inavyopata nguvu, na wengi hutua miguu ikiwa imenyooka, magoti yakiingia ndani. Ndipo kano inapokatika, mara nyingi bila rafu yoyote. Kuna programu ya kupasha mwili iliyotengenezwa chini ya FIFA, inaitwa 11+. Ilijaribiwa Norway kwa wachezaji wa kike karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Haihitaji kifaa chochote.

Kwanza wapime. Waruke mahali pamoja mara tano, mmoja mmoja, ukiwarekodi kwa simu kutoka mbele, mzazi wa kike akiwa kando yako. Waonyeshe wenyewe hapo hapo, kisha ufute. Yule ambaye magoti yake yanakaribiana kama yanataka kubusiana wakati wa kutua ndiye wa kumwangalia. Mwambie maneno mawili tu: "tua kimya" na "kaa kigoda". Anayetua bila kishindo amekunja goti na nyonga, na anayekaa kama kwenye kigoda anapeleka makalio nyuma, goti linabaki juu ya vidole vya mguu.

Halafu dakika nane za kukimbia taratibu wawili wawili, na ndani yake kufungua nyonga nje na ndani, kurukiana bega kwa bega, mbio fupi za kwenda na kurudi. Dakika kumi za nguvu: kujinyoosha juu ya viwiko kama ubao, sekunde 20 hadi 30, mara tatu, kupiga magoti mwenzake akimshika vifundo vya miguu, naye ajishushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, mara tatu hadi tano tu, maana misuli ya nyuma ya paja itauma kesho yake, kusimama mguu mmoja akirushiana mpira na mwenzake, sekunde 30 kila mguu, mara mbili, kukaa kigoda na kuinuka, sekunde 30 mara mbili, kuruka na kutua kimya, vivyo hivyo. Dakika mbili za mwisho wakimbie kwa kasi, wakite mguu chini na kukata pembeni, goti lisiingie ndani. Kinachoharibu zoezi hili ni haraka. Wakishalizoea hulifanya ovyoovyo huku wakiongea, na hapo ndipo lisipofaa kitu. Tembea kati yao, uangalie magoti, usiangalie saa.

Mpira wa kichwa kwa hawa wadogo uache kabisa mazoezini. Na yeyote aliyegongwa kichwa akaduwaa, akasahau matokeo au akahisi kichefuchefu, haingii tena siku hiyo, hata akililia.

Wale watatu wakubwa walioondoka kimyakimya, Baba Zuhura, karibu utajua sababu ukiangalia umri wao. Huenda ni hedhi, huenda ni matiti yanayouma wakikimbia bila sidiria ya michezo, huenda ni vijana wanaosimama nyuma ya goli wakitoa maneno. Hawatakuambia wewe. Tafuta mama mmoja au mwalimu wa kike awe mlezi wa timu, awepo kila zoezi, siyo siku za mechi tu. Awe na mfuko: pedi, bukta mbili nyeusi za akiba, kanga, sabuni. Mfuko ukae mahali panapojulikana, binti achukue bila kuomba wala kueleza. Bukta ziwe za rangi nzito. Timu ya taifa ya wanawake ya England iliacha bukta nyeupe mwaka 2023, baada ya wachezaji wake kusema wazi kwamba zinawatia wasiwasi wakiwa katika siku zao, sembuse binti wa shule ya msingi. Vijana wa nyuma ya goli ni kazi yako wewe na mwalimu wa zamu, waondoke.

Mlezi huyo anakulinda na wewe pia. Usibaki na binti mmoja peke yenu, usimpakie mmoja kwenye pikipiki, usitumiane naye ujumbe. Taarifa zote ziende kwenye kundi la wazazi. Wasichana wote waijue namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Baba aliyekataa bukta usibishane naye, mpe jibu. Kanuni za mpira zimeruhusu kufunika kichwa tangu mwaka 2014: kitambaa kiwe cheusi au cha rangi ya jezi, kisishikamane na jezi, kisiwe na pini. Mwambie mama ashone chenye mpira wa kubana. Taitsi ndefu ndani ya bukta nazo zinaruhusiwa, mradi ziwe rangi moja na bukta, na wote wanaovaa wafanane. Bukta nyeusi na taitsi nyeusi, refa hana neno.

Mama aliyeuliza mpira unaishia wapi, unaweza kumwambia kwamba mwaka 2022 wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India. Ni kweli na ni fahari yetu. Lakini usimwahidi hilo. Mwahidi unachoweza kukitimiza: binti anafika nyumbani kabla ya giza, wanarudi kwa makundi ya mtaa mmoja, mama mlezi yupo. Na uliza zamu za kuchota maji nyumbani. Ukikuta Alhamisi ndiyo siku ya maji kwa nusu ya timu, hamisha zoezi kabla ya kumlaumu mtu.

Bonanza la saba kwa saba, dakika 40, wachezaji 11. Gawa mechi vipande nane vya dakika tano. Nafasi za kucheza ni 56, kwa hiyo kila mmoja anapata vipande vitano, dakika 25, na mmoja anapata kimoja cha ziada. Andika karatasi usiku wa kuamkia mechi, ibandike pale benchi, uifuate hata mkiwa nyuma kwa mabao. Golini wapokezane, kila kipindi mtu wake, na mazoezini kila raundi mtu wake. Binti aliyesukumiwa golini acheze kiungo kwenye chandimu. Anayefikiri haraka hahitaji kukimbia sana katika uwanja wa hatua 25, na huenda mkashangaa pasi zake. Kama baadaye atachagua golini mwenyewe, mfundishe kudaka na kuanguka kwa ubavu kwenye nyasi, awe kipa kweli.

Karatasi hiyo inamaliza pia neno la Zuhura, maana dakika zake ni sawa na za wenzake na kila mzazi anaziona. Kama kuna jambo la kumrekebisha uwanjani, mama mlezi ndiye amwambie. Mkiwa njiani kurudi nyumbani usimfanyie uchambuzi wa mechi. Mnunulie chungwa, akitaka kuzungumzia mpira ataanza yeye.